Saa Isiyo na Mshale wa Sekunde

Mume wangu aliniletea saa nyeusi wiki ile ile niliyotoka hospitali Mbale, na nilipoiona tu ndani ya boksi lake nilijua tutagombana.

Nilikuwa nimeanguka. Si kwa kujikwaa. Nilikuwa jikoni kwangu Bugembe, pembeni ya mji wa Jinja, nimeshika sufuria ya maharage, moyo ukaanza kwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa, halafu giza. Mume wangu ndiye aliyenikuta sakafuni. Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika kituo kimoja cha uzazi hapa Jinja, na miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wanawake wapumue, watulie, wasiogope. Siku ile niliambiwa mimi, na sikupenda hata kidogo.

Sikutaka kutibiwa Jinja. Madaktari wa Jinja wananijua, manesi wananijua, na jambo ukimwambia mmoja asubuhi, mchana limefika kantini. Kwa hiyo nikasema naenda kumsalimia mama Mbale, mji niliozaliwa. Baba yangu alikuwa dereva wa malori kutoka Kenya, akaegesha lori pale siku moja, akaoa, hakurudi kwao. Daktari wa Mbale alinibandika waya kifuani, akasoma karatasi iliyotoka kwenye mashine, akasema moyo wangu una tabia ya kukimbia bila sababu. Hautaniua kesho, alisema, mradi nimeze dawa, na mradi tujue unakimbia lini.

"Kila ukianza, andika ni saa ngapi na unapiga mara ngapi," aliniambia. "Bila hivyo nitakuwa nakutibu kwa kubahatisha. Siku hizi kuna saa za mkononi zinazopima zenyewe. Tafuta moja."

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Alisikia neno saa na neno moyo. Hayo mengine nadhani hayakumfikia.

Ile saa nyeusi ilikuwa kubwa kama kiberiti, kioo kitupu, na kila nikiinua mkono kinawaka. Siku ya kwanza kazini ilinitia aibu mbele ya mama mmoja niliyekuwa nampima presha. Nilimfunga mkono, kioo kikawaka, pakatokea moyo mwekundu unaodundadunda na namba chini yake. Yule mama akasahau presha yake.

"Musawo," akaniita, kama wanavyotuita hapa manesi na madaktari wote, "kumbe hata wewe unaumwa?"

"Siumwi," nikamwambia. Nilimdanganya mgonjwa wangu kwa sababu ya kioo.

Siku hiyo hiyo msimamizi wetu aliniita mlangoni. Ni mwanamke niliyesoma naye ukunga, tukala sahani moja, kisha yeye akapandishwa cheo na mimi nikabaki wodini. "Hiyo simu ya mkononi usiingie nayo chumba cha kujifungulia," alisema. "Sheria ni ya wote, na wewe ndiwe uliyekuwa wa kwanza kuiunga mkono." Ni kweli, niliiunga mkono, kwa sababu wapo waliokuwa wanatazama video huku mama anaugulia. Sasa ningemwambia nini? Kwamba si simu, ni moyo wangu? Mwenzetu mmoja alipoumia mgongo alihamishiwa meza ya usajili, eti kwa muda, akakaa pale akiandika majina ya watu mpaka akastaafu. Sikusomea kuandika majina. Nikavua saa, nikaitia mfukoni, nikarudi wodini.

Lakini kilichonichemsha hasa kilikuwa nyumbani. Ile saa ilikuwa na laini yake ya simu ndani, na mume wangu alikuwa ameiunganisha na simu yake, si yangu. Nikipanda ngazi, simu inalia.

"Uko wapi? Mbona moyo uko mia na ishirini?"

"Niko kwenye ngazi."

"Kaa chini kwanza."

"Nina kazi."

"Nimesema kaa chini."

Siku nyingine nilikuwa sokoni napatana bei ya samaki, akapiga kuniuliza nagombana na nani. Mwuza samaki alinitazama nikijieleza kwenye simu kama mtoto aliyetoroka shule. Nilirudi nyumbani nikaivua ile saa, nikaifungia kwenye droo ya vijiko, na nikamwambia mume wangu kwamba sitaivaa tena hata akinunua nyingine ya dhahabu.

"Basi chagua mwenyewe unayoitaka," alisema. "Mimi sitasema neno."

Tukaenda duka moja la saa na simu katikati ya mji wa Jinja. Neno alilolitunza mume wangu lilisemwa na muuzaji, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, ambaye tangu tuingie alizungumza na mume wangu peke yake. Mama anapenda rangi gani? Mama mkono wake ukoje? Nikauweka mkono wangu mezani, juu ya kioo, kwa kishindo.

"Mkono ni huu. Moyo ni wangu. Nionyeshe mimi."

Nikamweleza. Nataka saa inayopima moyo lakini mtu akiiona asijue. Nataka mishale ya kweli. Alitoa ya kwanza, na kweli ilikuwa na mishale, lakini nilipogusa kioo mishale ikapotea, yakaja maua. Ilikuwa picha tu ya saa. "Unaweza kubadilisha, mama," alisema kwa furaha. "Leo mishale, kesho maua, Krismasi unaweka mti." Nikairudisha. Ya pili ilikuwa na mishale ya kweli, ila nzito kama nati ya gurudumu la lori, na vitufe vinne ubavuni. Ya tatu ndiyo iliyonikamata.

Ilikuwa na uso mweupe, mishale miwili myembamba, mkanda wa ngozi ya kahawia. Ilikuwa saa ya mtu mzima anayejiheshimu, ya aina waliyokuwa wakivaa walimu wetu wa kike Mbale. Ukiigeuza mgongoni unakuta kijicho cha kioo kinachotoa mwanga wa kijani kwenye ngozi. Ukibonyeza kitufe chake kimoja, namba ya moyo inatokea ndani ya ule weupe, ndogo, kisha inafifia kama haikuwapo. Na ningeweza kuisoma bila kufikiri. Mshale ukiwa kwenye saba, mimi naona saa moja, ndivyo nilivyofundishwa kusoma saa nyumbani kwetu kwa Kiswahili. Tarakimu za kioo kila mara zinanilazimisha kutoa sita kichwani.

Niliuliza swali moja tu.

"Ina mshale wa sekunde?"

"Iko, mama. Hiyo hapo chini." Akanionyesha duara dogo ndani ya uso wa saa, lenye kijishale chake. "Sasa imelala. Ukiunganisha na simu itatembea."

Nilimwamini. Simu yangu ilikuwa ya zamani, ilikataa kuunganishwa. Ya mume wangu ilikubali mara moja, na kwa kuwa saa hii nayo ilikuwa na laini yake ndani, ingemfikishia namba zangu popote nilipo. "Kwa muda tu," alisema, "mpaka upate simu nyingine." Nikakubali, kwa sababu niliitamani ile saa na sikutaka kutoka dukani bila hiyo. Kosa hilo ni langu, simsukumii mtu.

Kufika nyumbani, kijishale kile cha chini kikaamka kweli. Nikakaa kukitazama. Hakikwenda. Nikatembea kwenda uani na kurudi, kikasogea kidogo. Nikaelewa. Kilikuwa kinahesabu hatua zangu za siku kwa asilimia, kikifika mia nimemaliza. Saa nzima haikuwa na sekunde.

Kesho yake nilikuwa dukani kabla hawajamaliza kufagia. Yule kijana alinisikiliza, akatabasamu, akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nachemka.

"Lakini mama, kwani sekunde unafanyia nini?"

Sekunde nafanyia nini! Nahesabu pumzi za kitoto kilichozaliwa sasa hivi. Nahesabu uchungu wa mama umekaa kwa muda gani na umeachia kwa muda gani. Naweka kile kipembe cha mbao tumboni kwa mama, naweka sikio, nahesabu moyo wa mtoto dakika nzima, macho kwenye mshale, na hesabu hiyo ndiyo inayoniambia kama tunasubiri au tunakimbia kumtafuta daktari wa upasuaji. Nilimwambia yote hayo kwa sauti iliyowafanya wateja wengine waweke chini walichoshika. Akanijibu kwa upole kwamba bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi.

Basi nikaivaa. Na nikiri, kwa jambo moja ilinifaa: hakuna aliyeitilia shaka. Msimamizi mwenyewe alisema, "Umepata saa nzuri," akapita. Wodini nilitumia saa ya ukutani. Halafu niligundua kwamba mshale wa dakika wa saa yangu hautembei taratibu, unaruka vijiruko vitatu kwa dakika moja. Nikajifunza kuhesabu vijiruko. Nilijiona mjanja.

Asubuhi moja saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Betri zimekwisha, kila mtu ameona, hakuna aliyebadilisha. Kwenye kitanda cha tatu alikuwepo mama kijana kutoka Wanyange, mchoma samaki, uzazi wake wa kwanza, hana mtu wa kumshika mkono kwa sababu dada yake alikuwa bado njiani. Wanawake walikuwa wengi siku hiyo na mimi nilikuwa natembea haraka kutoka kitanda hadi kitanda. Nikafika kwake, nikaweka kipembe, nikainamisha sikio, nikatazama saa, nikasubiri mshale uruke, nikaanza.

Nilikuwa nimefika arobaini na kitu, na nilihisi kama mapigo yanapungua. Hapo ndipo unahitaji kuhesabu kuliko wakati wowote. Mara mishale yote miwili ikaondoka mahali pake. Ikazunguka peke yake mbele ya macho yangu, ikaenda ikasimama pamoja juu kabisa, kwenye kumi na mbili, na saa ikatetemeka mkononi. Sikuelewa ninachokiona. Hesabu ikanipotea.

Nikaanza upya. Mishale ikarudi mahali pake, nikasubiri kuruka, nikahesabu kumi, ishirini, ikaondoka tena. Juu. Ikatetemeka. Yule mama alikuwa ananitazama usoni muda wote huo, na sijui aliona nini usoni kwangu, lakini alinishika kifundo cha mkono na kuniuliza kwa Lusoga, lugha ya kwao, polepole, kama mtoto wake amekufa.

"Hapana," nikamwambia. "Hapana, mama, niache nisikie."

Lakini kwa dakika ile sikuwa na hakika, na yeye alijua sina hakika. Saa ikatetemeka mara ya tatu. Nikaing'oa mkononi, nikaitupa kwenye trei ya vyuma, na nikamwona msimamizi anapita mlangoni.

"Nihesabie dakika!" nikapiga kelele.

Alikuja, akashika saa yake iliyobanwa kifuani. "Anza." Nikahesabu kwa sauti ya chini, sikio kwenye mbao, macho nimeyafumba. "Basi," akasema. Mia moja thelathini na sita. Mtoto alikuwa salama. Alizaliwa mchana, msichana, akalia kabla hatujamfuta. Yule mama alicheka na kulia pamoja. Mimi nilitabasamu kama kazi inavyotaka, lakini ndani nilikuwa nawaka.

Msimamizi alikuwa ameona trei. Ile saa ilikuwa imelala chali, kijicho chake cha kijani kinawakawaka kikitafuta ngozi. Aliichukua kwa vidole viwili, akaniita nje.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia. Jikoni, maharage, Mbale, dawa, kila kitu. Nilitegemea atanionea huruma, na nilikuwa nimejiandaa kuikataa huruma yake. Hakunionea.

"Ungeanguka na mtoto wa mtu mkononi," alisema, "mimi ningemwambia nini mama yake?"

Swali lilikuwa la haki. Ndiyo sababu nilikasirika zaidi. Alisema nimemdanganya, na kuanzia Jumatatu nitakaa meza ya usajili. Nikamwambia anafurahia kupata sababu. Akaniambia nimeze maneno yangu kabla hayajanigharimu.

Jioni nilimkuta mume wangu uani. Kumbe nina lugha moja ya hasira. Kwa Lusoga naomba chumvi, kwa Kiganda nasalimia majirani, lakini nikikasirika kinachotoka ni Kiswahili cha baba yangu, chote, na mume wangu anakichukia kwa sababu kwao Kiswahili kiliingia na wanaume wenye bunduki.

"Usiniongeleshe kama afande!" alisema.

"Ulinipigia mara tatu! Nasikiliza moyo wa mtoto wa watu, wewe unapiga!"

"Ulikuwa mia na thelathini."

"Nilikuwa natembea haraka! Hiyo ndiyo kazi yangu!"

"Nitajuaje unatembea? Naona namba tu." Sauti yake ikashuka. "Wewe hujajiona umelala pale jikoni. Macho wazi. Mimi nimekuona."

Hilo lilinigusa, lakini hasira haikutoka. Vilikaa vyote viwili ndani yangu, huruma na hasira, na sikujua nimpe kipi. Nilimwuliza kwa nini mishale iliruka. Akanieleza kwamba siku ya kuiunganisha, simu ilimwomba achague mtu muhimu ambaye akipiga, saa ionyeshe. Akajiweka yeye, kwenye namba ya juu kabisa, kumi na mbili, na akipiga mishale inaelekea hapo. Alidhani itatikisika kidogo tu. Hakujua mishale itahama.

"Nipe simu," nikasema. Akanipa. Nikaitoa ile saa kwenye simu yake, mbele yake, nikamrudishia.

Ijumaa iliyofuata nilirudi Mbale, safari hii bila kumficha mtu. Karibu na mnara wa saa kuna mama mmoja wa Kiislamu aliyerithi meza ya mumewe, fundi wa saa. Nilimwuliza kama anaweza kunitilia mshale wa sekunde. Alifungua mgongo wa saa, akaingiza kioo chake jichoni, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka mpaka mtandio ukamteleza.

"Dada yangu. Wewe mkunga, umenunua saa isiyo na sekunde?"

"Nimedanganywa," nikasema, na machozi ya hasira yakanijia, mbele ya mtu nisiyemjua.

Akaacha kucheka. Akanivutia kigoda. Alisema hakuna mahali pa kutia mshale, mashine yenyewe haina nafasi hiyo, na kama kuna fundi ataniambia anaweza, nimkimbie. Halafu akafungua droo, akatoa saa ndogo ya kubana kifuani, ya manesi, inayoning'inia kichwa chini, mshale wa sekunde mwekundu. "Hii ya kazi," alisema. "Ile ya moyo wako iache ifanye ya moyo wako." Nilikuwa nimenunua simu nyingine ya mtumba, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniunganishia, akazima simu zote zinazoingia na kila kinachotetemeka. "Nisingejifunza mambo haya ya simu," alisema, "meza hii ingekuwa ya nyanya sasa."

Miezi miwili niliandika majina. Jina, kijiji, uzazi wa ngapi. Nilikuwa nasikia kilio cha watoto nyuma ya ukuta na sijui nani amezaliwa. Siku nyingine niliacha makusudi kumsalimia msimamizi. Na kila moyo ulipokimbia, saa iliandika. Nilipompelekea daktari simu, aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akaona nisichokiona: ulikuwa unakuja siku ambazo sijala tangu asubuhi, baada ya chai kali ya tatu au ya nne. Akabadilisha dawa, akaniamuru kula kama ninavyowaamuru wajawazito, akaandika barua kwamba naweza kufanya kazi yangu.

Msimamizi aliisoma barua mara mbili, amesimama.

"Utakula kabla ya zamu. Ukianza kwenda mbio unaniambia, hapo hapo. Na hushiki kitanda peke yako."

"Sawa. Lakini ungeniuliza kwanza kabla ya kunikalisha pale mezani."

"Na wewe ungeniambia kwanza kabla sijaikuta kwenye trei."

Hakuna aliyeomba msamaha, wala mpaka leo hakuna aliyeomba. Akaikunja barua, akaitia kwenye faili langu.

"Kitanda cha pili. Mapacha. Amekuwa akikuulizia tangu kliniki ya mwezi uliopita."

Nikaingia. Yule mama alikuwa amejishikilia kwenye chuma cha kitanda, jasho linamtiririka, na aliponiona alinifokea akitaka kujua nilikuwa nimekwenda wapi muda wote huo. Nikamwambia nitamweleza baadaye, nikanawa mikono.